Kahawa Ilivyoondoka Sekei

Kabla watalii hawajaijaza Arusha, mji huu uliishi kwa udongo wa Mlima Meru. Wajerumani walipojenga boma lao, lililokamilika mwaka 1900 kwa jasho la wenyeji walioshurutishwa, Waarusha na Wameru walikuwa tayari wakilima migomba miteremkoni. Walowezi wakaja kuchukua ardhi ya chini, wenyeji wakabanwa kati ya mashamba ya wageni na msitu. Reli ilipofika kutoka Moshi mwaka 1929, kahawa ikapata njia ya kwenda Tanga.

Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akapeleka kilio chao Umoja wa Mataifa, New York. Babu alitusimulia habari hiyo tukipalilia, kisha akatuonyesha kwa jembe mpaka wa shamba letu la Sekei, hapa Arusha, tusije tukausahau.

Lilikuwa shamba dogo lenye kila kitu: mibuni chini ya migomba, maharage katikati, ng'ombe zizini wa kutoa samadi. Msimu wa kuchuma, hata sisi watoto tulichagua buni nyekundu tu. Jioni kahawa ilimenywa kwa mashine ya mkono, ikavundikwa, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye vichanja. Bibi hakuruhusu mtu kulala kabla haijafunikwa, kwa kuwa ndiyo iliyolipa ada zetu zote.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ulivunjika, na bei ikaporomoka. Babu alipofariki, wanawe wakagawana shamba. Mibuni iling'olewa, ikapandwa nyanya. Baadaye vikaja viwanja. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilikuwa imeleta wapangaji waliolipa kwa dola, na chumba kimoja kikaingiza kuliko magunia ya kahawa. Siwalaumu baba zangu. Walikuwa na watoto wa kusomesha.

Ila hesabu inanitisha. Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 jijini. Ya 2022, watu 617,631. Lazima walale mahali, na walishwe pia. Kusini, kuelekea Muriet, kuna tambarare kavu inayofaa nyumba. Udongo mweusi wa mlimani ukishamwagiwa zege haurudi.

Madiwani wa Arusha na Meru, yatengeeni ulinzi wa kisheria mashamba yaliyobaki Ilkiding'a, Akeri na Nkoaranga, kabla wapima viwanja hawajafika.