Lenzi ya Baba

Baba yangu alikuwa mpiga picha. Alipofariki aliniachia kamera moja ya Zenit, iliyoundwa Urusi katika zama za Muungano wa Kisovieti. Pazia lake la ndani lilikuwa limeoza. Lakini lenzi yake, Helios 44-2 ya milimita 58, ilikuwa safi kama maji ya kisima. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, nami nina kamera ya siku hizi, Nikon, isiyotumia filamu. Nikaona heri jicho la mzee lipate kiwiliwili kipya.

Helios hufungwa kwa hesi yenye upana wa milimita 42, kama zile zilizotumiwa na kamera za Dresden, Ujerumani, tangu mwaka 1949. Nikon hufungwa kwa meno yashikanayo kwa kuzungushwa kidogo. Basi nilinunua pete ya chuma, upande mmoja ina hesi, upande wa pili ina meno. Muuzaji aliniapia kuwa itafaa. Ikaingia sawasawa, hata nikacheka peke yangu.

Nilimpiga picha mama akichambua mboga, hatua moja tu mbele yangu. Kila mkunjo wa uso wake ulionekana, na nyuma yake majani ya migomba yalikuwa kama yanazunguka. Mama alipoiona alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hii ni kazi ya baba yako." Ningetaka ushahidi gani tena?

Siku ya mahafali wanachuo wapatao 60 walipangwa ngazini, na wazee wao wakaketi mbele. Jua lilikuwa limeinama, nikafungua tundu la lenzi lote. Nikazungusha lenzi hadi mwisho, nikapiga picha 3. Kioo kidogo cha nyuma ya kamera kilinidanganya, au tuseme nilipenda kudanganywa. Usiku nilipozikuza picha zile sikutambua sura hata moja. Walikuwa kama watu walio nyuma ya moshi, na wageni wamekwisha kwenda zao.

Kosa lenyewe ni hesabu nyepesi. Kila lenzi imepimiwa umbali wake, kutoka mahali ifungwapo hadi mahali nuru ipokelewapo. Helios yataka milimita 45.46, Nikon ina 46.5. Hata bila unene wa pete, lenzi ya baba ilikaa mbele kupita kiasi kwa milimita 1 na chembe. Chukua kioo cha kukuzia, ukisimamishe kati ya dirisha na ukuta mpaka sura ya dirisha iangukie ukutani wazi; kisha kisogeze kidogo mbali na ukuta, uone dirisha linavyofifia. Kwa lenzi ya milimita 58, milimita ile moja yatosha kuizuia isione vema kitu kilicho mbali zaidi ya mita 3 na kidogo, na unene wa pete huupunguza umbali huo tena. Mama alikuwa ndani ya mpaka. Wahitimu walikuwa nje.

Ziko pete zenye kijioo cha kurekebisha kasoro hiyo, lakini kijioo hicho huipunguzia lenzi usafi wake, sikukitaka.

Niliwaomba radhi wahitimu wote. Mmoja aliniuliza kama sina picha nyingine, kwa kuwa nyanya yake aliketi pale mbele, naye hakuwahi kupigwa picha pamoja na mjukuu wake. Sikuwa nayo.

Mwaka uliofuata mwalimu mwenzangu aliniazima Canon yake. Kamera hiyo ina milimita 44, hivyo pete nyembamba hupata nafasi ya kukaa bila kuisukuma lenzi mbele. Niliilenga kwa mkono kama baba alivyofanya, kwani lenzi hii haijui kujilenga. Kabla ya watu kupangwa nilielekea mnara wa maji ulio ng'ambo ya uwanja, nikazungusha lenzi hadi mwisho, nikapiga, nikaikuza picha, nikahesabu vipandio vya ngazi ya mnara kimoja kimoja. Ndipo nikawaita.