Mwenyeji Si Wakili

Bulla Iftin,
Garissa.

Kwa mpwa wangu mpendwa,



Mama yako amenieleza kwamba marafiki zako wa sekondari wanakuja nawe Desemba hii, na kwamba umepanga kuwalaza hotelini na kuwazungusha kwa gari la kukodi, kwa kuwa nyumba unaiona ndogo na mji unauona una jina baya. Hakulalamika, lakini dada yangu namjua: limemchoma. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Abti, mpwa wangu, neno langu ni moja, mengine yote ni matawi yake. Wewe ni mwenyeji, si wakili. Vijana hawa hawaji kusikiliza kesi ya Garissa. Wanakuja kwako. Ukitumia siku zao zote kuutetea mji, wataondoka wakijua hoja zako na wasiijue nyumba yenu.

Kumbuka ulikuwa ukilala wapi shule ilipofungwa katikati ya muhula. Siku zenyewe zilikuwa chache, na safari ya kuja huku ingezila nusu. Mama wa rafiki yako wa Nyeri ndiye aliyekuchukua. Akambeba kuku mzima mpaka sokoni, akamtafuta Muislamu amchinje, ili wewe ule bila wasiwasi. Hakukuhutubia juu ya watu wake. Wala hakukuomba radhi kwa baridi ya kwao, alikuongezea blanketi. Deni hilo halilipwi kwa chumba cha hoteli.

Basi nawe usiwaombe radhi kwa joto. Jioni toeni vitanda uani, mfunge vyandarua, mlale kwenye upepo kama tunavyolala sisi. Atakayeshindwa kabisa, hapo ndipo umtafutie chumba chenye kiyoyozi, bila kumcheka. Lakini mlo wa kwanza uwe kwa mama yako. Hilo silijadili.

Kuhusu njia: pandeni basi la alfajiri ili mfike kungali mchana. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 370, na vizuizi ni vingi. Kila mmoja awe na kitambulisho chake mfukoni, si kwenye begi lililofungwa juu ya basi. Mkifika daraja la Tana huenda mkashushwa mkaguliwe. Yawezekana wenzako wakapita mara moja na wewe ukaulizwa maswali zaidi, na wewe ndiye unayerudi kwenu. Usipandishe hasira, wala usifanye mzaha wa kuficha aibu. Aibu si yako. Jibu unachoulizwa, upande basi. Wenzako wana macho. Na hapo darajani pasipigwe picha, wala penye kambi yoyote ya askari.

Mgeni hapokewi kwa maelezo, hupokewa kwa kinywaji. Waanzishie chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Maziwa ya ngamia wape baadaye, tena kikombe kidogo, kwa maana asiyeyazoea humwendesha tumbo, na sitaki mtu akumbuke Garissa kwa choo. Wataona yana harufu ya moshi. Wapeleke kwa mama anayetuuzia, wamwone anavyokifukiza chombo kwa kijiti kinachowaka kabla ya kutia maziwa. Ataeleza mwenyewe kuliko wewe. Asubuhi ni anjera na maini. Nyama ya nyirinyiri mama yako anayo, imekaa ndani ya samli. Mchana ni wali na mbuzi katika sinia moja, na ndizi mbivu pembeni. Wakiuliza ndizi inaliwaje na wali, usijibu, imenye, ule.

Rafiki yako aliyeoa akija na mkewe, mke huyo ni mgeni wa mama yako na dada zako. Atakaa nao na kula nao. Leso mabegani yamtosha. Asilazimishwe zaidi ya hapo. Mwambie mapema kwamba wanaume wengine hawatampa mkono, na kwamba hiyo ni heshima, asije akadhani anadharauliwa.

Waswahili husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wewe wape hata siku ya pili. Jumatano nendeni nao soko la mifugo mkamnunue mbuzi, wasimame kwenye vumbi, wasikie madalali, waone ng'ombe waliovuka kutoka Jubaland wakipandishwa malori ya kwenda Nairobi na Mombasa. Pengine nyama waliyokuwa wakila Nairobi miaka yote ilipitia hapa. Kisha mbuzi huyo wamsaidie kumkokota mpaka nyumbani. Mtu aliyetoka jasho kwa ajili ya chakula chenu si mtalii tena. Jioni wapeleke Bour-Algi wakaone twiga. Mtoni watazame tu, wasiogelee, mamba wapo. Dadaab usiwapeleke: kambi si mahali pa kutembelea wala wakimbizi si maonyesho, tena kuna vibali. Na tafadhali, usiwakeshe kwenye miraa ukaita ukarimu.

Jumapili usingoje waulize. Jumamosi usiku waambie kanisa liko wapi na misa ni saa ngapi, uwasindikize mpaka langoni. Unajua kwamba tarehe 1 Julai 2012 waumini walishambuliwa wakiwa ibadani katika mji huu huu, na kwamba baadaye viongozi wa Kiislamu walisema vijana wetu wasaidie kuyalinda makanisa. Yule mama alihangaika na kuku. Wewe utashindwa na mwendo wa dakika chache?

Sasa lile unaloliogopa. Watauliza habari za chuo kikuu chetu kilichoshambuliwa. Waliuawa watu 148 tarehe 2 Aprili 2015, karibu wote wanafunzi, wengi kutoka kaunti za mbali. Walikuwa rika lenu. Huenda mmoja wa wageni wako alimjua mmoja wao. Akiuliza, mweleze kama ilivyokuwa. Usikimbilie kusema "sisi si watu kama wale." Hajakushtaki. Akitaka kupita karibu na lango, nenda naye, unyamaze naye.

Na ukitaka kujua mwenyeji ni nani, watazame wale abiria wa basi la Mandera, Desemba 2015, karibu na El Wak. Washambuliaji waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Kina mama walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Hakuna aliyetoa hotuba juu ya Uislamu ndani ya basi lile. Waliwahesabu waliokuwa nao safarini kuwa wao. Kwako hakuna bunduki, alhamdulillahi. Kuna joto, choo kimoja na wadogo zako wenye kelele. Kipimo chako ni chepesi.

Kwa hiyo ifute hoteli leo, umpigie mama yako simu wewe mwenyewe. Usimwambie umeshauriwa nami. Mwambie unataka wageni wako wale chakula chake, umuulize anahitaji nini, na ile pesa ya hoteli umtumie yeye. Magodoro mawili yapo kwangu, na mbuzi wa pili ni juu yangu. Ila mtakuja kumlia hapa kwangu, maana nami nina haki ya kuwajua watu waliokutunza tulipokuwa mbali.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama.

Wasalaam,
Abti yako, mjomba wako