Bunduki ya upepo iliyoishia Carlisle

Ukitoka Carlisle, mji wa mwisho wa England kuelekea kaskazini, robo saa tu kwa gari inakufikisha Gretna, kijiji cha kwanza cha Uskoti. Mpaka wenyewe ni kijito kiitwacho Sark. Hakuna kizuizi wala askari wa kukuuliza pasipoti. Kuna kibao cha kukukaribisha, basi.

Gretna ilipata jina kwa sababu ya kijito hicho. Tangu mwaka 1754, England ilimkataza kijana aliye chini ya miaka 21 kufunga ndoa bila ridhaa ya wazazi. Uskoti haikuwa na katazo hilo. Wapenzi wakawa wanakimbia usiku kwa farasi, wanavuka Sark, na wanaozwa kwa mhunzi mbele ya fuawe lake, baba wa binti akiwa bado njiani anakuja na hasira zake. Mpaka leo watu wanatoka mbali kwenda kuoana hapo.

Sisi tulivuka na shehena isiyo ya harusi. Dada yangu alikuwa anahamia Stirling, kikazi, na nilikwenda kumsaidia kufunga virago. Kila kitu kilipata nafasi garini isipokuwa kimoja: bunduki ya upepo ya mwanawe wa miaka 15, ambayo shemeji alimnunulia ili alenge makopo nyuma ya nyumba.

Carlisle bunduki ile haikuwa na tatizo. Katika England na Wales, bunduki ndefu ya upepo yenye nguvu isiyozidi futi-paundi 12, yaani kama jouli 16, haihitaji leseni. Bastola ya upepo kikomo chake ni futi-paundi 6. Mnunuzi lazima awe ametimiza miaka 18. Mtoto chini ya miaka 14 asimamiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi. Wa miaka 14 hadi 17 anaweza kuazimwa na kupiga bila msimamizi kwenye eneo la mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenye eneo. Mwenye silaha akiiacha ovyo hadi mtoto akaifikia, kosa ni lake. Na kutembea nayo barabarani bila sababu ya maana ni kosa hata kama haina kitu ndani.

Ukivuka Sark, mambo yanageuka. Tangu tarehe 31 Desemba 2016, Uskoti inamtaka mwenye bunduki ya upepo inayozidi jouli 1 awe na cheti cha polisi. Lazima ueleze sababu ya kuihitaji, na kulenga makopo kwenye kiwanja kidogo cha nyumba ya mjini kwa kawaida si sababu inayokubalika. Kijana wa miaka 14 hadi 17 anaweza kupewa cheti kwa ridhaa ya mzazi, lakini hawezi kuinunua wala kuimiliki. Ukikutwa nayo bila cheti, kifungo kinaweza kufika miaka miwili. Kwa hiyo mzigo ambao saa kumi kamili ni mchezo wa mtoto, saa kumi na robo ni kesi.

Shemeji alilalamika sana. "Ni bunduki ile ile, kijana ni yule yule!" Hata mimi nilimwonea huruma, mpaka nilipokumbushwa kilichoisukuma sheria. Mwaka 2005, mjini Glasgow, mtoto wa miaka miwili alipigwa kichwani na kijirisasi cha bunduki ya upepo akafa. Silaha ambayo wengi waliiita toi. Kabla cheti hakijaanza, polisi walitoa wiki tatu za kusalimisha kwa hiari mwaka 2016, na zaidi ya bunduki 11,000 za upepo zikarudishwa. Fikiria zilikuwa zimelala chini ya vitanda vya nani.

Vituo viwili mbele ya Stirling, kwa treni, kuna mji mdogo wa Dunblane. Una kanisa kuu la kale, mto, na sanduku la posta lililopakwa rangi ya dhahabu kumpongeza mwanatenisi Andy Murray kwa medali ya Olimpiki ya 2012. Murray alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya hapo tarehe 13 Machi 1996, mtu mmoja alipoingia na bastola akaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola zote alizimiliki kwa leseni halali. Hapo ndipo nilipokaa kimya kwa muda mrefu, maana sisi huwa tunadhani leseni ikishatoka hatari imekwisha. Wazazi na majirani walikusanya saini zaidi ya 700,000, na kufikia mwisho wa 1997 sheria mbili zilikuwa zimepiga marufuku karibu bastola zote za raia katika England, Wales na Uskoti. Ireland ya Kaskazini haikuingizwa humo; huko bastola ya kujilinda bado inaweza kupewa cheti, ila bunduki ya upepo inayozidi jouli 1 nayo inadaiwa cheti. Nchi moja, pasipoti moja, majibu matatu.

Kwetu Tanzania, mwombaji wa silaha huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa wake, karatasi ndipo zipande juu hadi polisi. Nilimweleza dada, akacheka: hapa Stirling mwenyekiti wa mtaa angemjulia wapi?

Bunduki iliuzwa Carlisle kwa mfanyabiashara mwenye kibali, kwa bei ya kutupa. Kijana alinuna hadi Lockerbie. Sasa ameandikishwa kwenye klabu ya kulenga shabaha iliyoidhinishwa na polisi, ambako mwanachama anaruhusiwa kupiga hapo klabuni bila kuwa na cheti chake. Anakwenda Jumamosi. Bunduki haiji nyumbani.