Nilimwahidi Baba vidole viwili

Wasomaji wangu, nimepotea kidogo. Nilikuwa Voi kwa wazee, na huko nilijiingiza katika shida ambayo wale mnaochezea mashine kuukuu mtaielewa haraka: nilitoa ahadi mbele ya watu kabla sijaiwasha tarakilishi yenyewe.

Baba ni mweka hazina wa chama cha kuzikana cha pale kijijini, kazi aliyoanza tangu astaafu ukarani. Hesabu zote zimo katika laptopu niliyomnunulia, mtumba wa Uingereza uliotengenezwa 2007. Nimeiwekea Debian 12 na Xfce kwa sababu haiwezi kubeba kitu kizito zaidi ya hapo. Kwa kazi yake inatosha kabisa. Tatizo ni macho. Katika mkutano wa mwezi uliopita, mama mmoja aliyelipa shilingi 8,500 alisomewa mbele ya watu kuwa amelipa 3,500 na bado anadaiwa 5,000. Kosa liligunduliwa papo hapo na Baba akaomba radhi, lakini alipofika nyumbani alimwambia Mama kwamba mwisho wa mwaka atavikabidhi vitabu kwa mtu mwingine.

Sasa, mtoto wa dada yangu alikuwepo na laptopu yake mpya. Akamwonyesha babu yake: unaweka vidole viwili kwenye tachipadi, unavitanua, na jedwali lote linakua mpaka tarakimu zinakuwa kama vichwa vya habari. Baba akajaribu mwenyewe. Akacheka. Kisha akanigeukia.

"Hii yangu mbona haifanyi hivi?"

"Ni programu tu, Baba," nikamjibu. "Kesho nitakuwekea."

Mama alikuwa akimenya viazi. Akaniuliza bila kuinua kichwa kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Naomba niwaeleze hakika ile ilitoka wapi, maana sikuitunga. Nilipokuwa mwanafunzi Nairobi, mwenzangu mmoja alikuwa na iBook. Apple walianza kuuza PowerBook zenye kusogeza ukurasa kwa vidole viwili mwaka 2005, na wenye mashine za kabla ya hapo waliambiwa, kwa maneno mengine, wanunue mpya. Ndipo ikatokea draiva ya bure iitwayo iScroll2. Mwenzangu akaiweka, akawasha upya, na iBook yake ya zamani ikaanza kusogeza kurasa kwa vidole viwili kama ya tajiri. Hakufungua hata skurubu moja. Sisi tuliokuwa chumbani tulipiga kelele. Tangu siku ile nimeamini kwamba mtu akikuambia mashine yako ni ya zamani mno, anataka pesa zako tu.

Baadaye ikatokea tena. MacBook Air ya Januari 2008 ilikuja na ishara za vidole vitatu, na Oktoba mwaka huo zikaja mashine zenye tachipadi ya kioo na ishara za vidole vinne. Mwaka 2009 ulipotoka mfumo wa Snow Leopard, zile za mwanzoni mwa 2008 nazo zikapata vidole vinne. Ni programu tu, mnaona? Nilichosahau ni kwamba MacBook ndogo nyeupe za wakati uleule hazikupata kitu.

Basi asubuhi nikakaa na mashine ya Baba na chai. Linux ina programu ndogo iitwayo evtest, inayokuonyesha kifaa kinasema kinaweza nini. Haikuulizi wewe unataka nini. Nikaandika sudo evtest, nikachagua tachipadi, orodha ikashuka. BTN_TOOL_FINGER, ipo. ABS_PRESSURE, yaani mgandamizo, ipo. ABS_TOOL_WIDTH, upana wa kidole, ipo. Nikatafuta BTN_TOOL_DOUBLETAP, ambayo ndiyo keneli huandika pale chipu inapojua kuhesabu mpaka vidole viwili. Haipo. Nikaiendesha mara ya pili kana kwamba ingebadili mawazo.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea chini ya ile plastiki. Tachipadi ina nyaya nyembamba zilizopangwa kwa safu, nyingine zikienda wima na nyingine zikilala. Kidole kikikaribia, chaji ya umeme kwenye nyaya zilizo chini yake hubadilika. Chipu huangalia ni waya gani wa wima na ni upi wa kulala vilivyobadilika zaidi, na pale vinapokutana ndipo kidole kilipo. Rahisi. Lakini weka vidole viwili: utapata nyaya mbili za wima na mbili za kulala, na hizo hukutana mahali panne. Mawili ni vidole vya kweli, mawili ni vivuli, na kwa njia hiyo chipu haina namna ya kuvitofautisha. Ndiyo sababu tachipadi nyingi za miaka ya baada ya hapo zilitoa pembe za mstatili unaovizunguka vidole tu. Keneli inaziita INPUT_PROP_SEMI_MT, nusu nusu. Ukitanua vidole mstatili unakua, na hilo unaweza kulitumia, lakini ukivizungusha huwezi kujua vimeenda upande gani.

Ile iBook ilikuwa na siri yake. Tachipadi yake tayari iliweza kutambua vidole viwili, ila programu iliyokuja nayo haikuutumia uwezo huo.  Uwezo ulikuwepo tangu kiwandani, umelala.

Ya Baba ni ya Synaptics na inapitia njia ya zamani ya PS/2. Kila ujumbe ni baiti 6, na kwa kasi yake ya juu hutoa ujumbe 80 kwa sekunde. Ndani ya zile baiti 6 mna mahali pamoja kwa mlalo, pamoja kwa wima, mgandamizo, na namba moja ndogo iitwayo W. Kwenye chipu zinazojua kuhesabu, W ikiwa 0 maana yake vidole viwili, ikiwa 1 ni vitatu au zaidi. Kwenye ya Baba, W ni upana tu. Kidole cha pili hakina pa kuandikwa. Ningeandika draiva nzuri kuliko zote duniani na bado ningekuwa nasoma barua ambayo habari ninayoitaka haikuwahi kutiwa ndani.

Sikukubali mara moja, lazima nikiri. Draiva ya zamani ya synaptics, ambayo Debian 12 bado inayo, ina ujanja: ukiweka vidole viwili karibu karibu, tachipadi kama hii huona kidole kimoja kipana sana, katikati ya vile viwili. Kuna viwango viwili, EmulateTwoFingerMinZ na EmulateTwoFingerMinW, vya kuiambia draiva kwamba mgandamizo na upana ukifika hapa, hesabu ni viwili. Nikaviweka kwa synclient. Kwangu ilifanya kazi! Kurasa zikapanda na kushuka. Kutanua hapana, hilo halipo, lakini angalau kusogeza. Saa nne nikamwita Baba nikiwa na tabasamu.

Baba amelima maisha yake yote, ukarani au hapana ukarani. Kidole chake kimoja ni vyangu viwili. Kila alipotaka kupeleka mshale mahali, draiva ilihesabu viwili na jedwali likakimbia. Nikapandisha kiwango, basi vyangu vikakataa. Nikakishusha kidogo, chake kikarukaruka. Tulihangaika mpaka adhana ya mchana, na nilimwona akianza kuushika mkono wake kana kwamba wenye kosa ni mkono. Hapo ndipo nikazima kila kitu.

"Baba, nilikosea. Hii haiwezi. Si programu."

Akauliza kama inahitaji kununuliwa nyingine. Nikasema naweza kutafuta. Akasema hela hizo nimlipie karo mjukuu wake, akanyamaza.

Tulichofanya baadaye ni cha kizamani sana hata naona haya kidogo kukiandika hapa. Tachipadi hizi za zamani ziliundwa kwa kusogeza ukurasa kwa ukingo wa kulia, kidole kimoja. Nikawasha VertEdgeScroll. Na katika LibreOffice Calc, ukishikilia Ctrl huku unasogeza, jedwali linakua au linapungua. Kwa hiyo mkono wa kushoto unashika Ctrl, kidole cha kulia kinapanda ukingoni. Nilimwonyesha pia ile ya kuzungusha kidole kwa duara, CircularScrolling, akasema inamtia kizunguzungu. Ukingo wenyewe haukuwa na alama naye haoni ulipo, ndipo Mama akaleta plasta ya kidonda, akakata ukanda mwembamba na kuubandika kandokando kabisa. Sasa anaupata kwa kupapasa.

Wale mnaonunua mitumba pale Luthuli, nendeni na Linux kwenye flashi na muiombe evtest ijibu kabla hamjatoa pesa. Mkiona ABS_MT_POSITION_X bila neno SEMI_MT, na pia TRIPLETAP, mko salama. Muuzaji atawaambia kila kitu kinawezekana. Mimi pia nilisema hivyo, na sikuwa nauza.

Jioni kabla sijaondoka nilimkuta Baba peke yake mezani, jedwali limekuzwa hata safu tatu tu ndizo zinaonekana. Alikuwa kwenye jina la yule mama. Akanisomea kwa sauti: elfu nane na mia tano. Mkutano ni Jumamosi, naye ameniambia nisipige simu kabla ya saa kumi.