Rangi Ilibadilika, Mkono Ukabaki Ule Ule

Gari likitoka Voi asubuhi, likapita Mwatate na kupanda hadi Werugha katika milima ya Taita, hufika limevaa uchafu wa nchi mbili. Wa chini ni vumbi jekundu la Tsavo, lile linalowapaka ndovu wa mbugani hadi wageni wakadhani ndiyo rangi yao ya kuzaliwa. Wa juu, karibu mita 1,000 kutoka usawa wa Voi, ni unyevu wa ukungu, tope la mashamba ya kabichi na nyanya, utomvu wa miti, na kinyesi cha ndege waliolala juu ya tawi lililolipa gari kivuli. Anayeanza kununua vitu vya kulitunza gari kwa kawaida haufikirii uchafu huu. Anaingia dukani, anakodolea macho rafu yenye chupa za kila rangi, anauliza ipi inang'arisha zaidi. Swali hilo tumelirithi. Lilikuwa swali la maana enzi za Peugeot 504, na kosa letu ni kuendelea kuliuliza baada ya gari lenyewe kubadilika ngozi.

Kumbukumbu ya kuosha magari huku milimani inaanzia kijitoni. Maji yalikuwepo, ya bure na baridi, na Land Rover au Peugeot ya abiria iliteremshwa hadi mahali panapofikika. Ilimwagiwa ndoo mbili tatu, ikasuguliwa kwa fulana kuukuu na Omo, jina ambalo kwetu ni la kila sabuni ya unga bila kujali pakiti imeandikwaje. Lami ya barabarani iliondolewa kwa mafuta ya taa. Gari likipauka sana, ilitafutwa polishi ya kopo, nzito na yenye chengachenga, likasuguliwa mpaka kitambaa kikageuka rangi ya gari. Kitambaa kile kilichochafuka rangi ni ushahidi. Kinaonyesha kwamba rangi ya magari yale ilikuwa tabaka moja nene juu ya praima, bila kitu kingine juu yake. Jua liliikausha sehemu ya juu ikawa unga kama chaki, na kusugua kuliuondoa unga uliokufa na kuifichua rangi hai iliyokuwa chini. Baadhi ya dawa zenyewe zilitokana na ufundi wa samani: kampuni ya Meguiar's ya Marekani, ambayo chupa zake leo ziko katika maduka ya dunia nzima, ilianza mwaka 1901 kwa polishi ya fanicha. Kwa hiyo mzee aliyesugua bodi hadi jasho likamtoka hakuwa mshamba. Alikuwa na rangi ya kutosha kusuguliwa, na kila alipoisugua ilimlipa.

Magari yale, kwa sehemu kubwa, yaliunganishwa nchini, katika viwanda vya Mombasa, Thika na Nairobi vilivyoanzishwa miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vizuizi vya kuagiza bidhaa vilipolegezwa, bandari ya Mombasa ikaanza kuteremsha magari yaliyokwisha kutumika Japani. Sheria inataka yasiwe yamepita umri wa miaka minane. Watu waliona mengi mapya: usukani mwepesi, kiyoyozi, madirisha ya kubonyeza. Ambalo halikuonekana ni kwamba mengi ya magari hayo, hasa ya rangi za metali, yalikuwa na rangi nyembamba iliyofunikwa kwa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu wanaliita klia. Mng'ao wote uko kwenye klia, na klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. (Yapo magari meupe ya kazi ambayo bado yana tabaka moja; kujua lako, pitisha polishi kidogo mahali pasipoonekana, na kitambaa kikitoka cheupe umepata jibu.) Klia ikisuguliwa haitoi rangi kwenye kitambaa, na hapo ndipo mtego ulipo: mkono ule ule, fulana ile ile, polishi ile ile ya chengachenga, lakini safari hii hakuna kinachoonyesha kwamba kuna kitu kinaondoka.

Na kinachokiondoa si lazima kiwe polishi. Miamba ya Taita ni ya kale, iliyopikwa na kukandamizwa ardhini, na imejaa madini ya kwazi (quartz). Ugumu wa kwazi katika kipimo cha Mohs ni 7, ilhali kisu cha kawaida kinazungukia 5.5. Vumbi linalokaa juu ya boneti ni miamba hiyo hiyo iliyosagika, kwa hiyo kupangusa gari kavu kwa dusta ni kulikwaruza kwa kitu kigumu kuliko kisu, hata mkono ukiwa mwepesi namna gani. Katika kaunti nyingine jambo hili lingehitaji maelezo marefu. Hapa kwetu wapo watu wanaolijua kwa vidole. Tsavorite, kito cha kijani ambacho Campbell Bridges alikipata upande huu wa mpaka wa Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambacho kampuni ya Tiffany ilikitambulisha sokoni mwaka 1974 kwa jina la Tsavo, hukatwa na kung'arishwa kwa kushuka kutoka chenga kubwa hadi unga laini kabisa. Kati ya hatua moja na nyingine kila kitu huoshwa, kwa sababu punje moja tu ya chenga kubwa ikibaki itachora alama juu ya kazi yote. Mkata vito hahitaji kufundishwa kwamba kung'arisha ni kuondoa. Mwenye gari ndiye anayehitaji. Simamisha gari jeusi jioni, washa tochi ya simu karibu na mlango, na utaona duara za mistari kama utando wa buibui kuizunguka taa. Mistari hiyo haikuchorwa kwa duara. Imelala kila upande, ila taa inaiangaza ile tu inayoukingama mwanga wake. Mingi ya mistari hiyo huachwa na kitambaa cha kuoshea, wala si na barabara.

Ndiyo maana nadai kwamba vitu vya kwanza kununua ni vile visivyong'arisha chochote. Ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kuosha paneli moja. Vitambaa vya maikrofaiba badala ya fulana, kwa sababu nyuzi zake zilizopasuliwa huinua punje na kuificha ndani, wakati pamba iliyochakaa huiburuta juu ya rangi. Kimoja kiwe cha bodi, kingine kikubwa cha kukaushia, na kingine cha magurudumu pekee, ambako masizi ya breki hukaa. Kata ile lebo iliyoshonwa ukingoni, maana ina makali. Usikifue kitambaa chochote kati ya hivi pamoja na taulo wala usikitie sabuni ya kulainisha nguo. Kikianguka chini kimeshuka cheo: kuanzia hapo ni cha magurudumu, na hakuna rufaa. Kisha shampuu ya gari isiyo kali, na mwisho nta, iwe ya kanauba itokanayo na majani ya mti wa jamii ya mnazi huko Brazil, au ile ya kisasa ya kunyunyiza. Polishi, yaani kitu chochote chenye chenga, ibaki dukani mpaka mkono ujifunze kuosha bila kuchora. Kuinunua mapema ni kulipia dawa ya ugonjwa unaoendelea kuuambukiza.

Wa kwanza kupinga atasema Omo imeosha magari tangu enzi za babu na hakuna gari lililooza kwa sababu ya sabuni. Ni kweli, halikuoza. Lakini sabuni ya unga imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo. Ina magadi, na povu lake liko kwenye pH ya 10 hivi. Kwenye gari itatoa tope, na itatoa nta pia, halafu itaikausha mipira ya milango. Rangi ya tabaka moja, ambayo ilikuwa ikisuguliwa na kupakwa upya kila mara, ilisamehe hilo. Klia iliyobaki uchi kwenye jua la Voi husamehe kwa muda, kisha huanza kubanduka paa na boneti kama ngozi ya nyoka, na ikifika hapo hakuna chupa itakayoirudisha. Ni fundi wa rangi.

Pingamizi la bei lina uzito zaidi, na sitaki kulipuuza, kwa sababu chupa zinazotoka ng'ambo zimepangiwa bei ya watu wengine. Lakini hesabu ya chupa huwa inafanywa vibaya. Nusu lita ya shampuu, kwa kipimo cha mililita 30 kwa ndoo, inaosha gari mara kumi na sita. Isitoshe, vikundi vingi vya akina mama Kenya hutengeneza sabuni ya maji kwa malighafi ziitwazo ungarol na ufacid, na sabuni hiyo haina ubaya wa asili. Ufacid ni asidi. Ikizimuliwa sawasawa kwa soda, sabuni hutulia karibu na pH 7, ambako ndiko shampuu ya gari inakokaa. Ikizimuliwa ovyo, inauma mikono na klia pamoja. Kijikaratasi cha kupimia pH, kile cha maabara ya shule, kitakuambia umepewa ipi. Inatiwa chumvi ili iwe nzito, kwa hiyo isuuzwe kwa maji mengi na isiachwe ikaukie juani. Werugha ina bahati hapa, kwa sababu maji laini ya milimani hutoa povu kwa sabuni kidogo. Visima vingi vya tambarare vina chumvi, na tone likikauka juu ya boneti ya moto linaacha duara jeupe lisilotoka kwa kupangusa. Anayeosha gari chini kule anunue kitambaa cha kukaushia kabla ya shampuu.

Wengine watasema hili ni gari la kazi. Limetoka shamba na kesho linarudi shamba; Probox ya kubeba kabichi haiendi harusini. Wanayo haki, tena nusu ya rafu ile ya chupa haiwahusu. Ila nta si pambo. Tope juu ya paneli yenye nta hutoka kwa maji karibu matupu, na kinyesi cha ndege, ambacho kina asidi, kinachelewa kuifikia klia. Gari lisilo na muda wa kuoshwa vizuri ndilo linaloihitaji zaidi. Dawa ya kung'arisha dashibodi ndiyo ningemshauri mtu wa kazi aiache kabisa: mafuta yake huakisi dashibodi kwenye kioo cha mbele, na kona za kupanda Wundanyi jua likiwa usoni si mahali pa kutafuta barabara nyuma ya kivuli cha dashibodi. Ile ya tairi ipakwe ubavuni tu. Kwenye pikipiki isipakwe kabisa.

Mashine ya presha nayo ina watetezi, wanaosema imeumaliza mjadala kwa kuwa hakuna kitambaa. Inaondoa punje kubwa, na hiyo ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, lakini utando mwembamba unaobaki hautoki bila kuguswa. Asiye na mashine anayo pampu ya kupigia dawa mboga. Iliyo safi, ambayo haijawahi kubeba sumu, ikijazwa maji na shampuu kidogo, ikanyunyiziwa kutoka juu kwenda chini na kuachwa dakika chache, hufanya sehemu kubwa ya kazi ya presha bila umeme. Kinyesi kilichokauka nacho hulainishwa hivyo hivyo, kisha kinainuliwa; hakisuguliwi.

Kijito kimebaki nje ya haya yote, na ni vizuri. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto usioruhusiwa kulimwa wala kuendelezwa, na maji ya milima hii huulisha mto Voi, unaoshuka hadi bwawa la Aruba ndani ya Tsavo Mashariki, lililojengwa mwaka 1952. Mafuta ya taa yaliyotoa lami kwenye bampa yalikuwa na safari ndefu. Wapo wanaolalamika kwamba kuhamia uani kumeifanya kazi kuwa ya ndoo na ya kuhesabu maji. Kumeifanya hivyo kweli. Lakini kijitoni uchafu ulichukuliwa na maji kabla mtu hajauona, na ndoo haichukui kitu. Osha gari lililotoka Voi, suuza kitambaa katika ndoo ya pili kila paneli, kisha iache itulie kama dakika kumi na uimwage taratibu. Chini kutabaki mchanga mwekundu, mwembamba kama unga wa wimbi, na ukiuchukua kidogo ukausugua kati ya vidole viwili karibu na sikio, utausikia ukikwaruza.