Sufuria ya Mchezaji ni Ile Ile ya Nyumbani

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo kijana anayecheza mpira au kukimbia mbio, huenda nawe unatenda kosa nililolitenda mimi mwaka 1982. Nalisimulia bila ya kujitetea, kwani hasara yake haikunipata mimi.

Nilikuwa mfanyakazi wa kiwandani Dar es Salaam, mwenye mke na watoto wanne. Mwanangu wa kwanza alipochaguliwa katika timu ya mtaa, niliona fahari kubwa. Niliamini, kama walivyoamini wenzangu wengi, kwamba nguvu za mchezaji hutoka katika nyama na mayai mabichi, na kwamba maji humtia uzito. Basi nyama kidogo tuliyoweza kuinunua ikawa yake peke yake. Wadogo zake walikula ugali kwa mchicha huku wakimtazama. Jioni moja binti yangu wa miaka saba aliniuliza, "Baba, na mimi nikicheza mpira nitapewa nyama?" Nilimkemea.

Siku ya mchezo, saa nane mchana, kijana alikula sahani nzima ya nyama, akameza mayai mawili mabichi, wala hakunywa maji. Mpira ulianza saa kumi. Kabla ya mapumziko alitapika, misuli ya miguu ikamkaza, akaanguka. Mganga wa zahanati alimnywesha maji yenye sukari na chumvi, kisha akaniambia kwa upole kwamba mtoto hakukosa nyama. Alikosa maji, na tumbo lake lilikuwa bado linahangaika na chakula kizito.

Tangu siku hiyo nilianza kuuliza na kusoma. Misuli ya mtu anayekimbia kwa bidii huchoma zaidi wanga, ambao mwili huuweka akiba katika misuli yenyewe na katika ini. Mwaka 1967 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba waliokula wanga kwa wingi waliweza kuendelea na zoezi zito kwa muda mrefu zaidi kuliko waliokula nyama na mafuta. Wanga huo ndio ugali wetu, wali, viazi, muhogo na ndizi. Hata wakimbiaji mashuhuri wa Kenya, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, walionekana kupata takriban robo tatu ya nguvu zao kutokana na wanga, na ugali ukiwa chakula chao kikuu.

Ni kweli kwamba mchezaji anahitaji protini zaidi: gramu 1.2 hadi 2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, ilhali mtu mzima wa kawaida hutosheka na gramu 0.8. Lakini maharage, kunde, dagaa na maziwa huitoa protini hiyo pia. Nalo yai likipikwa, mwili hupata karibu protini yake yote. Likiwa bichi hupata kama nusu tu, tena laweza kuleta maradhi ya tumbo.

Chakula kikubwa kiliwe muda wa saa tatu au nne kabla ya mchezo. Maji mchezaji asinyimwe, bali anywe kadiri ya kiu yake. Wala asilazimishwe, maana maji kupita kiasi nayo hudhuru.

Kijana wangu alipata nafuu kesho yake. Swali la mdogo wake ndilo lililobaki moyoni mwangu. Mtoto wa miaka saba anajenga mifupa na damu. Haja yake ya chakula bora si ya kudharauliwa kwa sababu tu hana jezi. Basi, ninyi akina baba na akina mama, pikeni sufuria moja. Mchezaji mwongezeeni ugali, na kitoweo kigaweni kwa wote.