Tangawizi Mwitu wa Miombo ya Goweko

Ndugu msomaji, ukijaliwa kupanda gari la moshi liendalo Tabora kupitia Dodoma na Itigi, usisinzie mkaribiapo Goweko. Stesheni hii ndogo ya Wilaya ya Uyui imo katika nchi ya miombo. Ukipita mwezi wa Agosti utaiona nchi imekauka, nyasi zimeungua, nawe utadhani kwamba chini ya miti hakuna kilichosalia ila majivu. Kumbe ardhi imeficha uhai.

Mvua za kwanza zinyeshapo, yapata mwezi wa Novemba, ndipo katika miombo ya nchi yetu huchomoza tangawizi mwitu, ambayo wataalamu huiita Siphonochilus kirkii. Mmea huu ni wa ukoo mmoja na tangawizi, iliki na manjano tunazonunua sokoni. Ua lake ni la rangi ya waridi ielekeayo zambarau, na katikati lina doa la manjano. Hutokea juu ya kikonyo chake lenyewe, mbali na majani, na mara nyingi huyatangulia.

Litazame ua hilo kwa makini. Sehemu pana zinazopendeza macho si petali halisi. Petali zake ni nyembamba, wala hazivutii. Kinachong'ara ni stameni zilizogeuka umbo zikawa kama mdomo mpana wa kuwaita wadudu. Imebaki stameni moja tu yenye kutoa chavua.

Jina la kirkii ni kumbukumbu ya John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyefuatana na Livingstone katika nchi za Mto Zambezi tangu mwaka 1858, na baadaye akawa balozi wa Uingereza huko Unguja. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, majira yale yale ya kuchanua kwake. Baada ya misafara ya pembe na watumwa ilikuja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912.

Je, mmea laini kama huu huwezaje kuustahimili ukame wa miezi mingi? Siri yake ni tunguu, yaani shina nene lililolala chini ya ardhi pamoja na mizizi iliyojaa akiba ya chakula. Majani hufa, moto hupita, tunguu husubiri.

Lakini tunguu hilo hilo ndilo udhaifu wake. Anayechuma jani huuacha mmea ukiwa hai. Anayeng'oa tunguu huchukua mmea mzima. Huko Afrika Kusini, ndugu yake aitwaye Siphonochilus aethiopicus alichimbwa mno kwa ajili ya dawa, hata akatoweka porini katika jimbo la KwaZulu-Natal. Kwetu Tabora iko hatari nyingine: miti ya miombo hukatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku na kwa mkaa, na kivuli kikiondoka, jembe hufuata.

Basi, ndugu msomaji, ukishuka Goweko wakati wa mvua, waonyeshe watoto wako ua hilo, wainame walitazame. Wakitaka kulichimba walipeleke nyumbani, wakataze kwa upole. Mwakani watalikuta pale pale.